Hangzhou kwa Mwendo wa Kikombe cha Chai: Mwongozo Kamili wa Bustani na Kingo za Ziwa Xihu

Mzingo wa ziwa Xihu, mjini Hangzhou, China, ni kilomita 15 hivi. Mwenye miguu mizuri hulizunguka kwa saa nne, akarudi hotelini na picha mia mbili za migongo ya watu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asiyetaka safari ya namna hiyo: mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake Yiwu akabakiwa na siku mbili kabla ya ndege, mwanafunzi wa Jinhua mwenye likizo fupi, au yeyote anayepita mkoa wa Zhejiang na anataka kukaa kitako mahali pazuri.

Anza kwa kuielewa ramani. Mji uko upande wa mashariki wa ziwa, na pande tatu zilizobaki zimefungwa na vilima. Mabasi ya watalii, maduka na metro vyote viko mashariki, kwa hiyo kadiri unavyosogea magharibi ndivyo watu wanavyopungua. Jambo la pili ni saa. Mahali palipojaa saa 4 asubuhi huwa patupu saa 12 alfajiri. Ukiyashika hayo mawili, hata ramani ya simu utaifungua mara chache. (Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi za treni zinatumia saa 24, kwa hiyo 07:00 ni saa 1 asubuhi. Wapo waliokosa treni kwa hesabu hiyo ndogo.)

Chagua siku kwanza

Hangzhou hutembelewa zaidi na Wachina wenyewe kuliko wageni, na Wachina husafiri kwa pamoja, likizo kwa likizo. Epuka Oktoba 1 hadi 7, Mei 1 hadi 5, siku za Qingming, sikukuu ya kuzuru makaburi, mwanzoni mwa Aprili, na juma la mwaka mpya wa Kichina. Katika siku hizo daraja la Duanqiao hujaa hadi askari hupanga mstari kuongoza watu upande wa kwenda na upande wa kurudi. Utulivu haununuliki siku hizo hata kwa hoteli ya bei gani. Nje ya likizo, Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku tulivu. Jumatatu pia si mbaya, ila makumbusho mengi hufungwa.

Mwishoni mwa Machi na katikati ya Aprili mipichi huchanua kandokando ya matuta yanayokatiza ziwa na chai mpya huvunwa. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Julai huja mvua wanazoziita meiyu: za manyunyu, za siku nyingi mfululizo. Nguo hazikauki, viatu vya ngozi huota ukungu, na mawe ya njia huteleza. Julai na Agosti ni joto la nyuzi 35 na zaidi, lenye unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Februari lakini bila upepo wa bahari. Hata hivyo ndiyo miezi ya maua ya lotusi, kwa hiyo anayekwenda wakati huo atembee alfajiri na jioni, na mchana alale. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba huchanua guihua, vichaka vya maua madogo ya manjano vyenye harufu tamu inayojaza mtaa mzima. Ukifika baada ya Oktoba 8 unaipata harufu bila umati. Novemba ni kavu na majani hubadilika rangi. Januari baridi hukaribia sifuri, na kwa kuwa ni baridi ya unyevu huingia mifupani. Majengo ya eneo hili hayana mfumo wa joto wa mabomba kama ya Beijing, hivyo ulizia chumba chenye kiyoyozi kinachotoa hewa ya moto.

Anayetaka mwandishi wa mwongozo huu amchagulie siku achukue juma la pili la Novemba, au juma la pili la Oktoba kama pua yake inapenda harufu.

Simu, malipo na pasipoti

Kabla hujaondoka nyumbani, weka Alipay kwenye simu, isajili kwa pasipoti na uunganishe kadi ya Visa au Mastercard. Fanya hivyo ukiwa bado karibu na benki yako, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huja kwa laini yako ya nyumbani na benki nyingine huzuia malipo ya kwanza kutoka China mpaka upige simu. Malipo yaliyo chini ya yuani 200 hayakatwi ada ya kadi ya kigeni, na juu ya hapo hukatwa asilimia 3. Chai, metro, tiketi ya bustani, vyote viko chini ya kiwango hicho. Bado beba noti ndogo za yuani 10 na 20 kama akiba, maana simu ikizima umekuwa maskini papo hapo, na muuzaji mdogo anaweza kukosa chenji ya 100.

Waifai ya hoteli haifungui WhatsApp wala Google. Laini ya nyumbani ikiwa kwenye rominji, au eSIM iliyonunuliwa nje ya China, kwa kawaida hufungua. Ramani za Google usizitegemee: zinaonyesha barabara pembeni ya mahali ilipo. Tumia Amap, na hifadhi kwenye simu majina ya sehemu zako kwa herufi za Kichina ili umwonyeshe dereva. Ziwa ni 西湖. Bustani utakayokaa siku ya kwanza ni 郭庄. Nyama na chakula halali ni 清真.

Pasipoti tembea nayo. Ndiyo tiketi yako ya treni: hakuna karatasi, unapita kwenye dirisha la mtu badala ya geti la mashine, wanaisoma, unaingia. Fika stesheni dakika 45 kabla, kwa sababu mizigo hupitishwa kwenye mashine na geti la jukwaa hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka. Treni ya kasi kutoka Yiwu huchukua kati ya dakika 35 na saa moja.

Mkobani: viatu ulivyokwisha kuvivaa angalau juma moja, soksi jozi ya pili, mwavuli, tishu (vyoo vya umma ni vingi, safi na vya bure, lakini vingi ni vya kuchuchumaa na karatasi si ya kuhakikishiwa), chaja ya kubeba na chupa ya kuhifadhi joto. Stesheni zote na treni zote zina bomba la maji ya moto, kwa hiyo chupa yako haitakauka.

Kufika ziwani

Mji una stesheni kadhaa zenye jina la Hangzhou. Treni nyingi kutoka Yiwu huishia Hangzhou Dong, yaani ya Mashariki. Chache huishia Hangzhou yenyewe, ambayo wenyeji huiita Chengzhan na iko karibu zaidi na ziwa. Zote mbili ziko kwenye metro laini ya 1. Shuka kituo cha Longxiangqiao, toka, tembea upande wa magharibi dakika tano hadi saba, na maji utayaona.

Mtego mmoja huwanasa wengi: laini hiyohiyo ina kituo kinachoitwa Xihu Wenhua Guangchang. Jina lina Xihu ndani yake, lakini ni uwanja wa utamaduni ulio kando ya mfereji, mbali na ziwa. Ukishuka hapo utatembea nusu saa kwenye barabara za magari ukijiuliza ziwa limekwenda wapi.

Lala kati ya Longxiangqiao na Ding'an Lu. Hapo unaamka na kufika ukingoni kwa miguu kabla metro haijaanza kujaa, na hiyo ndiyo thamani unayolipia. Kabla ya kulipia chumba waandikie hoteli uwaulize kama wanapokea pasipoti za kigeni, kwa kuwa kila mgeni lazima aandikishwe polisi na hoteli ndogo nyingine hazijazoea kazi hiyo.

Siku ya kwanza: kaskazini alfajiri

Kuwa ukingoni dakika 20 kabla ya jua kuchomoza. Mwezi Juni hiyo ni kabla ya saa 11 alfajiri, mwishoni mwa Machi ni karibu saa 12 kasoro, na Desemba ni saa 12:30. Usisimame Hubin, ukingo wa mji wenye maduka. Fuata maji upande wa kaskazini, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, kilomita moja na nusu hivi mpaka daraja la Duanqiao. Jina lake maana yake ni Daraja Lililovunjika, ingawa halijavunjika.

Hapo linaanza tuta la Bai, Baidi, lenye urefu wa kilomita moja, maji kushoto na kulia. Limepewa jina la mshairi Bai Juyi, aliyekuwa gavana hapa kati ya 822 na 824. Tembea upande wa kulia wa tuta kwenye mwanga wa kwanza, kwa sababu ziwa dogo la kaskazini, Beili Hu, hujaa majani ya lotusi wakati wa kiangazi na ndege huwa kazini. Maua ya lotusi hufunguka asubuhi na kujikunja mchana, kwa hiyo anayekuja saa 8 mchana anaona majani na vikonyo. Alfajiri tuta hili ni la wazee wa mji: wanaotembea kinyumenyume, wanaonyoosha viungo, wanaoandika herufi kwenye sakafu kwa brashi kubwa iliyochovywa maji. Kusimama pembeni ukatazama si utovu wa adabu. Kumwekea mtu simu usoni ndio utovu.

Mwisho wa tuta ni Gushan, kilima ambacho kwa kweli ni kisiwa, chenye kimo cha mita 38 tu. Kikao chako cha kwanza kiwe hapa. Panda ngazi za upande wa kusini na uchague kiti cha jiwe kilicho chini ya miti. Kindi watakuja wenyewe, wamezoea kulishwa, na huuma kidole kinachochelewa kuachia karanga. Kaa mpaka saa 3 asubuhi, makumbusho na milango ifunguliwe. Upande wa magharibi wa kilima kuna Xiling Yinshe, chama cha wachonga mihuri kilichoanzishwa 1904. Hata kama mihuri haikuhusu, ua wake umepangwa juu ya mwamba kwa ustadi usiouona mara mbili: bwawa dogo juu ya kilima, pagoda ya mawe, njia inayokufanya ugeuke kila hatua kumi. Nusu saa inatosha.

Shuka kupitia daraja la Xiling, fuata barabara ya Beishan chini ya miti mikubwa ya kivuli mpaka Quyuan Fenghe, bustani ya lotusi. Kama si kiangazi, ipite tu bila kusimama. Kiangazi ipe saa nzima, lakini kuanzia saa 4 vikundi vya watalii vyenye vipaza sauti hufika, na hapo ni wakati wa kuhama.

Guo Zhuang, na jinsi ya kukaa bustanini

Dakika kumi kusini mwa Quyuan, kwenye barabara ya Yanggongdi, kuna ukuta mweupe na mlango usiovutia macho. Wengi huupita. Ndani ni Guo Zhuang, bustani iliyojengwa 1907 na mfanyabiashara wa hariri na baadaye ikaingia mikononi mwa ukoo wa Guo, ambao jina lao ndilo lililobaki. Kiingilio kimekuwa yuani 10 kwa muda mrefu, na hizo yuani 10 ndizo zinazowachuja watu, kwa sababu karibu kila kitu kingine kandokando ya ziwa ni bure tangu kuta za bustani zilipoondolewa 2002. Mtu anayeona bustani kumi za bure halipii ya kumi na moja. Wewe lipa.

Bustani ya Kichina ya aina hii imejengwa ili isionekane yote kwa mara moja, na ndiyo sababu anayesimama mlangoni na kupiga picha huona haina kitu. Fanya hivi. Kwanza izunguke yote bila kusimama, kwa kufuata ukuta, dakika kumi, ujue maji yako wapi na ziwa lilipo. Pili, rudi ukitafuta madirisha ya nakshi yaliyo wazi ukutani, yasiyo na kioo. Kila dirisha limewekwa ili mbele yake kuwe na kitu kimoja tu: jiwe, tawi, kipande cha maji. Simama hatua mbili nyuma ya dirisha, usiliegemee, kwa sababu likiwa mbali kidogo fremu na kitu huungana. Tatu, angalia kuta nyeupe saa jua linapokuwa upande. Zimepakwa chokaa ili zipokee vivuli vya mianzi, na upepo ukivuma ukuta mzima hutembea. Mwisho tafuta meza iliyo ukingoni, ambapo ukuta wa bustani umeachwa wazi na ziwa lenyewe, pamoja na tuta la Su utakalotembea kesho, kwa mbali, limeingizwa ndani kana kwamba ni mali ya mwenye nyumba. Huku huitwa kuazima mandhari, jiejing. Huyo mfanyabiashara wa hariri alinunua eka chache akajipatia ziwa zima.

Agiza chai. Bei imeandikwa kwenye ubao, itazame kabla ya kuketi, na ukiona ni kubwa kumbuka unalipia kiti kwa mchana mzima. Italetwa bilauri ndefu yenye majani ya kijani ndani, na chupa kubwa ya maji ya moto. Hakuna maziwa, hakuna sukari, hakuna chujio, na kuviomba ni kumtesa mhudumu. Subiri dakika tatu mpaka majani mengi yazame. Yanayoelea yapulize kando. Usiimalize bilauri: ikibaki theluthi, ongeza maji, kwa sababu ile theluthi ndiyo inayobeba ladha kwenda kwenye maji mapya. Ukiikausha, bilauri ya pili itakuwa maji yenye rangi. Ya kwanza huwa nyepesi, ya pili ndiyo bora, ya tatu nzuri, na baada ya nne unakunywa kwa ajili ya joto tu. Bilauri nne kwa mwendo huo ni saa mbili. Ndicho kikao chako cha pili, na cha mwisho kwa siku hiyo kama una hekima. Jumla umetembea kilomita sita au saba.

Kurudi mjini, usiite teksi mwishoni mwa juma. Magari huzuiwa kwa zamu ya namba kuingia eneo la ziwa na barabara hukwama hata hivyo. Panda vigari vya umeme vilivyo wazi vinavyozunguka ziwa: hulipwa kwa kipande, unainua mkono na dereva anasimama kama kuna nafasi.

Kula na kuswali

Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anaeleza kwamba alifika Hangzhou katika miaka ya 1340. Aliuita Khansa, akasema ndio mji mkubwa kuliko yote aliyoiona duniani, na akawakuta humo Waislamu wenye misikiti na masoko yao. Msikiti wa zamani bado upo: Fenghuang, kwenye barabara ya Zhongshan Zhonglu, dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha Ding'an Lu. Nyuma kuna kuba tatu za matofali zilizojengwa upya karne ya 13. Vaa nguo za stara, na wanawake wabebe mtandio.

Kwa chakula halali, tafuta vibanda vya tambi za Lanzhou vyenye herufi 清真, mara nyingi kwenye ubao wa kijani. Tambi huvutwa kwa mkono mbele yako, nyama ni ya ng'ombe, na bakuli moja humshibisha mtu mzima. Mahali pengine uwe mwangalifu, kwa sababu nguruwe hujificha. Tambi maarufu za mji huu, pian'erchuan, zina vipande vyake. Mafungu ya wali yaliyofungwa kwa majani, zongzi, mengi yana nyama hiyo katikati. Na dongporou, chakula kilichobeba jina la mtu aliyejenga tuta la Su, ni nyama yake yenye mafuta mengi. Salama kwa kila mtu ni oufen, uji mzito unaong'aa unaotokana na unga wa mizizi ya lotusi: unakorogwa kwa maji baridi kidogo kwanza, kisha yanamiminwa ya moto. Ukikosea mpangilio huo unapata mabonge, kama uji wa wanga. Samaki wa siki wa ziwa Xihu anasifiwa kwenye kila orodha ya vyakula. Ana miiba mingi na mchuzi mtamu, na wenyeji wenyewe humcheka. Kamba waliopikwa na majani ya chai ya Longjing ni chaguo bora kwa mtu wa pwani.

Siku ya pili: tuta la Su na maji ya magharibi

Tuta la Su, Sudi, lina urefu wa kilomita 2.8 na madaraja sita. Su Shi, yule Dongpo wa dongporou, alipokuwa gavana, mwaka 1090, ziwa lilikuwa limezibwa na magugu na tope. Alilizibua, na tope alilolitoa akalipanga liwe njia. Mtu wa Kisumu anayeyajua magugumaji ataelewa uzito wa kazi hiyo. Ziwa hili ni la kina kifupi, wastani wa mita mbili na kidogo, hivyo bila kuzibuliwa lingekuwa kinamasi zamani, na hata leo maji ya mto Qiantang husafishwa na kuingizwa humo ili yasikae yakaoza.

Anzia kaskazini, daraja la Kuahong, saa 12 asubuhi, ushuke kusini. Ukifanya hivyo jua liko kushoto, linapiga maji, na ukungu wa magharibi uko kulia kwako. Madaraja ndiyo sehemu za juu, na kwa sababu hiyo wengi husimama hapo. Viti vizuri viko chini, katikati ya daraja moja na jingine, vimeelekea magharibi, ambako hakuna boti za watalii. Mti mmoja ni mpichi, unaofuata ni liu wenye matawi yanayoning'inia hadi majini, na hivyo mpaka mwisho. Jipe saa mbili na nusu. Baiskeli za kukodi zipo kila kona, lakini kwenye matuta huzuiwa siku za watu wengi, na mpanda baiskeli ndani ya umati hafaidi baiskeli wala ziwa.

Mwisho wa kusini kuna Huagang, bustani ya samaki wekundu. Watoto wataipenda. Wewe vuka barabara ya Yanggongdi uingie upande wa magharibi, kwenye Yuhuwan na kisha kaskazini mpaka Maojiabu. Maji haya yalirudishwa 2003, mashamba na majengo yaliyokuwa yamelifunika ziwa la kale yalipoondolewa. Kwa vile hayamo kwenye orodha ya zamani ya mandhari kumi za Xihu, vikundi haviji. Utakuta njia za mbao, matete, yangeyange wamesimama kwa mguu mmoja, na nyumba za kijiji zenye meza za chai nje. Hapa hakuna cha kuona kwa maana ya watalii, na hapa ndipo pa kukaa kuliko pengine pote. Saa tatu si nyingi. Beba dawa ya mbu kuanzia Mei hadi Oktoba. Usioge na usivue samaki, vyote vimekatazwa.

Ukitaka boti, chukua ile ya makasia yenye mpiga makasia, ya mchana wa siku ya kazi. Bei iko kwenye ubao gatini na hulipwa kwa chombo kizima kwa saa, si kwa kichwa, hivyo tafuteni wenzenu mjaze viti. Anayekufuata barabarani na bei yake mdomoni mwambie hapana. Boti kubwa zina faida moja: hutia nanga kisiwa cha Xiaoyingzhou, chenye maziwa madogo ndani yake, na tiketi hujumuisha kiingilio. Toka humo unaziona nguzo tatu za mawe majini, zile zile zilizo nyuma ya noti ya yuani 1. Boti ya mwisho huondoka mapema jioni, kwa hiyo uliza saa yake kabla ya kupanda.

Nusu siku ya ziada: mashamba ya chai ya Longjing

Panda teksi mpaka kijiji cha Longjing asubuhi, kisha ushuke kwa miguu njia ya Jiuxi, yaani vijito tisa, kilomita sita hivi hadi mto Qiantang. Ukianzia mtoni utapanda mlima badala ya kushuka, kosa linalofanywa na wanaofuata simu. Njia hukata maji mara kadhaa juu ya mawe ya kukanyagia. Baada ya mvua kubwa mawe hufunikwa: kama huyaoni, rudi.

Kijijini utaitwa kwenye nyumba kuonja chai. Nenda, lakini ujue hesabu. Jin ni gramu 500, liang ni gramu 50. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo: mnunuzi alisikia bei akadhani ni ya jin, kumbe ni ya liang. Andika kwenye simu gramu na yuani, umwonyeshe muuzaji, akubali kabla hajafunga. Chai iliyochumwa kabla ya Qingming ndiyo ghali kuliko zote, na anayekuuzia "ya kabla ya Qingming" kwa bei ya kutupa mwezi Oktoba anakuuzia jina tu. Majani mazuri ni bapa, yamelingana urefu, na yananuka kama karanga zilizokaangwa kidogo. Yenye unga mwingi chini ya pakiti yaache. Gramu 50 zinatosha bilauri 16 hivi, kwa gramu 3 kila moja. Nyumbani ifunge kwenye bati lisiloingiza hewa, mbali na viungo, maana hunyonya harufu ya karafuu na iliki kwa siku mbili. Na maji yasiwe yanachemka: yaache dakika tano baada ya kuchemka, vinginevyo majani huungua na chai kuwa chungu, kisha utamlaumu muuzaji bure.

Ukifika chini mtoni, kaa nyuma ya uzio wa kingo. Mto Qiantang hupanda kwa wimbi moja linalotoka baharini, kali zaidi katikati ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, na huwachukua watu waliosimama chini ya ukuta. Pagoda ya Liuhe, iliyoanzishwa 970, iko ukingoni upande wa mjini, na mabasi ya kurudi hupita barabara hiyohiyo. Kwa treni ya jioni ya Yiwu, ondoka hapo saa tatu kabla ya muda wake, maana barabara ya mtoni hukwama kuanzia saa 11 jioni.